Gari Tulilolichagua kwa Sababu ya Blenda

Nimestaafu wiki ya nne sasa, lakini mwili bado haujapata barua. Saa kumi na moja alfajiri naamka, navaa, natoka uani kuangalia kama kuna oili iliyovuja chini ya gari, na gari halipo. Mke wangu amechoka kuniona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ameniambia nikae chini niandike. Basi nawaandikia ninyi madereva na mafundi mlionirithi pale karakana ya hospitali, maana siku ya kuniaga mlinipa dakika tano za kuongea, na mimi kwa dakika tano huwa hata sijamaliza salamu.

Vyeo nilivyopanda na lini, hayo yamo kwenye faili. Anayetafuta usingizi akayasome.

Siku yangu ya kwanza sikupewa gari la kuendesha. Mzee Bukuru, aliyekuwa fundi mkuu, mtu mfupi wa Kasulu mwenye viganja vipana kuliko uso wangu, alinisimamisha mbele ya gari lililofunguliwa boneti, akaniambia nibaki hapo mpaka adhuhuri nikisikiliza.

"Nisikilize nini, Mzee, na injini imezimwa?"

"Ndiyo maana. Ikiwaka utasikia kelele tu."

Adhuhuri alirudi kuniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia maji yanadondoka mahali, na panya. Akasogeza betri, na panya alikuwepo kweli, amejijengea kiota cha vipande vya waya. Mzee Bukuru akaniambia nirudi kesho na ovaroli. Huo ndio usaili niliofanyiwa, na mpaka leo sijaona ulio bora.

Ni yeye aliyenifundisha kutahiri gari. Msicheke. Ninyi mmekuta desturi hiyo imekwisha, na mwishoni mtajua kwa nini, lakini kwa miaka mingi hakuna gari jipya lililotoka kwenye geti letu bila kutahiriwa. Likifika kutoka Dar es Salaam linang'aa, tulilipeleka nyuma ya karakana tukaliondolea kila kisicho na kazi: mazulia, vifuniko vya rimu, redio, kile kitundu cha kuwashia sigara. Kisha Mzee alifungua kisanduku cha fyuzi, akang'oa fyuzi ya kila kitu ambacho gari lingeweza kuishi bila hicho. Mke wangu anasoma begani kwangu na anauliza fyuzi ni nini. Ni kidude cha plastiki, kidogo kama ukucha, chenye waya mwembamba ndani. Umeme wa kila kifaa cha gari hupita kwenye fyuzi yake, na ukiing'oa, kifaa hicho kinakufa papo hapo.

"Kilichokufa hakiwezi kukusaliti njiani," Mzee alikuwa akisema.

Na alikuwa na sababu zake. Vumbi letu jekundu huingia mahali pasipoingia hata sindano. Panya wa Kigoma wanapenda waya kuliko muhogo. Mwaka wangu wa tatu kazini niliendesha gari la wageni ambalo lilitukimbia kabla hatujalitahiri. Kwenye barabara ya Kasulu, katikati ya mvua, vioo vyote vinne vilishuka vyenyewe kwa mpigo, vikagoma kupanda. Nikawafikisha wale wageni Mwandiga, pale lami ya kuingia mjini inapoanzia, wamelowa mpaka pasipoti. Toka siku hiyo nikawa muumini. Mzee Bukuru alipostaafu akaenda zake Kasulu kulima maharage, mimi ndiye niliyekuwa ngariba.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaleta wagonjwa mjini kutoka vituo vya afya vya milimani. Dereva wa wagonjwa macho yake yako mbele, lakini masikio yake yako nyuma. Unajifunza kilio cha mfupa uliovunjika, unajifunza kilio cha uchungu wa uzazi, na unashukuru kila unapovisikia, maana anayelia yuko hai.

Walionishinda ni watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake mapafu hayajakomaa, na anahitaji oksijeni bila kukatizwa. Kwenye kituo kimoja cha juu kabisa huko milimani walikuwa na mashine ya oksijeni, kisanduku chenye magurudumu kinachovuta hewa hii hii tunayopumua sote na kuichuja. Mashine nzuri, ila inataka umeme wa ukutani. Jenereta ya kituo ikinguruma, mtoto anapumua. Ukimtoa kumpeleka hospitali, saa tatu za barabara ya udongo, mashine inabaki kituoni na njiani mnategemea mtungi mdogo wa oksijeni. Mtungi ule ulikuwa unakwisha kabla ya Mwandiga. Baada ya hapo ni muuguzi, mtoto na Mwenyezi Mungu. Mara nyingi mno nimeingia geti la hospitali na nyuma kumenyamaza. Hakuna aliyewahi kunilaumu. Unashuka, unafungua mlango wa nyuma, unaangalia pembeni.

Hali ilikuwa hiyo wafadhili wetu walipoandika kwamba watatupa pikapu moja kubwa ya kubebea wagonjwa, na kwamba toleo tuchague wenyewe. Wakatuma kitabu cha picha.

Gari lilikuwa moja: injini ile ile, chesisi ile ile, milango minne mbele na bodi nyuma. Lakini lilitengenezwa kwa matoleo matatu yenye majina ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyashika, kwa hiyo sisi madereva tukayabatiza. La chini tukaliita Kapuku: sakafu ya mpira unayoiosha kwa ndoo, vioo vya kuzungusha kwa mkono, rimu za chuma. La kati tukaliita Mwalimu, kwa kuwa lilikuwa na heshima bila majivuno: viti vya kitambaa, vioo vya umeme, kamera ya kukuonyesha nyuma. La juu lilikuwa Bosi: viti vya ngozi, dirisha kwenye paa, matairi yenye ubavu mwembamba ambayo yangepasuka kabla hayajamaliza mashimo ya Mwanga hapa mjini, na viti vinavyojipasha moto. Viti vya kujipasha moto, hapa Kigoma.

Tuliitwa kwenye kikao. Mganga mfawidhi, mtu mwema ambaye alikuwa na udhaifu mmoja tu wa kupenda ngozi, alielekea kwa Bosi. Mimi nilisimama kumtetea Kapuku, nikasema maneno mengi kuhusu vumbi, panya na masika, na wengi walitikisa vichwa kunikubali. Akabaki Matroni Hadija, mkuu wa wauguzi. Alikuwa mwanamke wa Ujiji, wa zile nyumba za wafanyabiashara wa zamani wanaojua kunyamaza mpaka mwenzao ajimalize mwenyewe. Alingoja nikae. Kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa alioukunja pembe.

"Mimi nataka hili la katikati," alisema. "Kwa sababu ya hiki hapa."

Tukainama wote. Picha ilionyesha wanaume wawili wamevaa kaptula, wamekaa nyuma ya pikapu kwenye majani, wanasaga juisi kwa blenda. Waya wa blenda ulikuwa umechomekwa ubavuni mwa bodi.

"Blenda, Matroni?" nikasema. "Tuchukue gari zima kwa ajili ya blenda?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

"Hiyo ni soketi ya umeme kama wa ukutani," alisema bila kupandisha sauti. "Nimesoma maandishi madogo. Kapuku hana. Mwalimu anayo, na nguvu yake inatosha. Toa blenda hapo, Kayanda, weka mashine ya oksijeni. Sasa cheka."

Sikucheka tena, lakini kukubali pia sikukubali. Nikasema soketi ya nje itakufa masika ya kwanza. Akaniuliza njiti wangapi nimemletea wakiwa kimya. Nikamwambia sijui.

"Mimi najua," akasema.

Mganga mfawidhi akafunga kitabu, na Mwalimu likapita.

Lilipofika, niliomba funguo nikalizunguka peke yangu mara tatu kabla ya kuligusa. Maisha yangu yote nimekaa na magari, lakini sikujua kama chuma kinaweza kumfanya mtu mzima avue kofia. Mimi nilivua. Boneti ilinifika kifuani. Nyuma ungeweza kulaza wagonjwa wawili na jamaa zao wakakaa. Usukani wauzaji walishauhamishia kulia, maana limetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopita upande mwingine wa barabara. Wauza vitunguu walitoka sokoni Mwanga kuja kuliangalia, mmoja akaniuliza kama ni la jeshi. Nilipoliwasha halikupiga kelele kabisa, mlio wake niliusikia magotini.

Tulifunga kava gumu juu ya bodi, tukaweka godoro na benchi la muuguzi. Siku hiyo hiyo Matroni Hadija alileta mashine ya oksijeni kutoka wodini, akaichomeka pale ubavuni mwenyewe. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikaanza kupumua, ndiyo, kupumua, inavuta na kushusha kama mtu aliyelala. Matroni aliweka mrija karibu na shavu lake, akafumba macho, akasimama hivyo kwa muda mrefu. Nilitazama ule mrija na kile kidude cha soketi, nikaona haya kwa ile kelele yangu ya kikaoni.

Haya ile ilidumu siku nne.

Siku ya tano nililipeleka Mwalimu nyuma ya karakana, kama desturi. Nilitoa mazulia. Nilitoa redio. Nikafungua kisanduku cha fyuzi na kung'oa fyuzi kumi na moja. Ya kumi na moja ilikuwa ya soketi.

Naomba mnielewe vizuri: sikuing'oa kwa kutojua. Mchoro ulikuwa kwenye kifuniko na niliusoma. Nilijiambia kwamba soketi iko wazi, masika yako mlangoni, maji yakiingia yataunguza nyaya mpaka mbele, na siku ikihitajika nitairudisha kwa dakika moja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili ni kwamba Matroni alinishinda mbele za watu. Fyuzi zote niliziweka kwenye rafu ya karakana, na zile za akiba zinazokuja na gari nikazigawa kwa magari mengine, kama tulivyozoea. Wiki zikapita za miguu iliyovunjika na malaria, hakuna aliyehitaji soketi, na mimi nikasahau.

Kisha masika yakaingia. Siku moja baada ya adhuhuri, simu ikapigwa kutoka kile kituo cha juu. Kuna mama kajifungua njiti, mtoto wa kike. Mama huyo aliitwa Mwavita, mwenyeji wa Mwamgongo kule ziwani, mchuuzi wa dagaa. Alikuwa amepanda milimani kwa mama yake mzazi kusubiri kujifungua, uchungu ukamshika mapema mno. Mtoto yuko kwenye mashine ya kituo. Anatakiwa mjini.

Niliondoka na Restituta, muuguzi wa wodi ya watoto, dada mmoja mkavu wa maneno na hodari wa kazi. Mashine ya wodini tuliifunga kwa mikanda kwenye bodi, na mtungi mdogo ukakaa ubavuni mwake, na hata hapo fyuzi haikunijia akilini. Tulipanda vizuri, barabara ilikuwa bado kavu. Kule juu nilimwona mtoto kwa mara ya kwanza. Mkono wake wote ulikuwa mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka. Nina watoto watano na sikuwahi kuona mtu akifanya kazi kubwa namna ile. Nilisahau hata kuwaamkia wenyeji.

Tulimlaza Mwavita kwenye godoro, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge juu yao. Restituta aliamua tuanze na mtungi, barabara ikitulia ndipo aiwashe mashine, kwa kuwa hakutaka ianze kazi huku ikirukaruka kwenye mawe. Alikuwa sahihi. Mama yake Mwavita alishika ukingo wa dirisha langu, akasema kwa Kiha kwamba Imana, Mungu, atutangulie, na tukashuka.

Mvua ilitukuta katikati ya mteremko. Si mvua ya kuelezea, ninyi mnaijua. Nilikuwa na waipa zinapiga kasi ya mwisho na bado naona barabara kwa vipande. Dirisha dogo kati yangu na nyuma nililiacha wazi, na masikio yangu yalikuwa kule. Nikamsikia Restituta anafungua mkanda, anachomeka waya. Halafu kimya. Akachomoa, akachomeka tena.

"Mzee Kayanda," akaniita. "Haiwaki. Na mtungi umefika mwisho."

Kabla hajamaliza sentensi nilishajua. Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka kwenye tope, nikaenda nyuma kufungua mlango. Mwavita alikuwa amelala amejifunika kitenge mpaka kichwani. Restituta alikuwa ameshika waya.

"Gari bovu?" akauliza.

Nitawaambia ukweli, maana nimeandika yote haya ili nifike hapa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, soketi mbovu, niliwaambia kwenye kikao. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ningesikitika pamoja nao, ningeendesha mbio, ningefika, ningefungua mlango na kuangalia pembeni.

"Gari zima," nikasema. "Fyuzi niliing'oa mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona haina kazi."

Alinitazama. Maji yalikuwa yananitiririka usoni na nilishukuru kwa hilo.

"Irudishe," akasema.

"Iko mjini."

"Basi tafuta nyingine, Mzee. Huyu anabadilika rangi."

Nikakimbilia mbele nikafungua boneti. Mnajua fyuzi hazilingani. Kila moja ina nguvu yake, na ile ya soketi ilikuwa ya zile kubwa za kijani. Nikapitisha kidole kwenye kisanduku huku mvua ikinipiga mgongoni. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Gari ambalo halijaguswa lingekuwa na fyuzi za kijani za anasa za kutosha: za viti, za vioo vya abiria, za makorokoro. Zote nilizing'oa kwa mkono wangu. Nilikuwa nimelibakizia gari mahitaji matupu. Za kijani zilibaki tatu. Moja ya pampu ya mafuta, na bila hiyo injini haiendi. Moja ya feni, na bila hiyo injini inachemka. Moja ya waipa.

Nikang'oa ya waipa.

Nilipoipachika kwenye tundu la soketi sikuthubutu kwenda nyuma kuangalia. Nilisimama tu na boneti wazi. Kisha nikaisikia, katikati ya mvua ile yote: mashine inavuta, inashusha, inavuta. Nikamsikia Restituta anamwongelesha mtoto, taratibu, kama unavyomwongelesha mtu aliyekuwa anaondoka akageuka. Niliogopa, vijana. Nilisimama mbele ya injini ile kubwa iliyotoka ng'ambo ya bahari, yenye nguvu za kuhamisha nyumba, na kazi yote iliyokuwa inafanya kwa wakati ule ilikuwa kumpa pumzi mtu asiyefika kilo moja na nusu. Sijawahi kuwa msikitini wala kanisani nikasikia nilichosikia pale.

Nikafunga boneti. Kwenye sanduku la vifaa nilikuwa na kipande cha sabuni ya mawese, ile ya hapa hapa kwetu ya kunawia grisi. Nikakisugua kwenye kioo cha mbele chote, maana sabuni huyafanya maji yateleze badala ya kung'ang'ania. Kumbukeni hilo, litawafaa siku moja. Lakini kwa mvua ile sabuni ilinipa dakika kumi tu. Baada ya hapo nilishusha kioo changu, pekee nilichokuwa nimekiachia fyuzi yake ndogo, nikatoa kichwa nikaendesha hivyo, jicho moja limefumbwa, tope la mabasi linanipata mdomoni, mpaka Mwandiga. Kwenye lami nilirudisha kichwa ndani mara mbili tu kupumzisha shingo. Nyuma ile sauti haikukatika hata mara moja.

Matroni Hadija alikuwa mlangoni na kitanda kidogo. Walimchukua mtoto na mashine na mama, wakapotea ndani. Nilibaki pale nachuruzika maji. Alipotoka akaniambia anapumua, rangi imerudi. Nikamwambia na mimi langu, lote, na ile sababu ya pili pia, ya kikaoni.

Nilitegemea kelele. Ningependa kelele. Akasema, "Kesho saa mbili asubuhi niletee fyuzi zote ulizong'oa. Utanionyesha kila moja kazi yake."

Nikazipeleka. Matroni, na miwani yake na gauni lake jeupe, aliinama kwenye boneti ile akaninyooshea mkono, na mimi nikampa moja moja nikimweleza. Hii ya kamera. Irudishe. Hii ya taa za ndani. Irudishe, wauguzi wangu wanatafuta mishipa gizani. Kuna mambo mengine niliyoyaona upuuzi kwa miaka mingi, na yeye kwa kila moja aliniambia mgonjwa gani lingemsaidia. Nilisimama pale nikiwaza magari yote niliyoyatahiri, na vitu gani nilivitupa bila kumwuliza aliyelala nyuma. Tulipofika fyuzi ya kumi nikamwambia hii ni ya redio.

"Irudishe na redio yenyewe," akasema. "Safari ni ndefu."

Kwa hiyo desturi ilikufa siku ile, na kisanduku cha Mwalimu mkikifungua leo mtakuta kila tundu limejaa. Gari lile limekwishawabeba njiti wengi, na soketi mpaka sasa haijasumbua, masika baada ya masika. Mkiulizwa mchague toleo la gari lolote, mpeni kwanza kitabu muuguzi.

Mtoto alikaa wodini wiki nyingi kisha akatoka na mama yake wakarudi Mwamgongo. Nikadhani basi. Lakini msimu uliofuata Mwavita alikuja kwa boti mpaka Kibirizi, akatembea hadi karakana na mfuko wa dagaa, akaniulizia kwa jina. Aliniambia ni shukrani kwa dereva aliyetoa kichwa nje. Nilipokea. Ningesema nini? Msimu wa pili akaja tena, na wa tatu. Mke wangu alizisifu dagaa zile mpaka kwa majirani. Mimi kila nikizila zilinikaa kooni, kwa sababu mtu anamshukuru aliyemzimia mwanawe pumzi. Nilijiambia nitamwambia mwakani. Nilijiambia hivyo kila mwaka.

Siku ya kuniaga alikuja pia, na binti yake, sasa yuko darasa la pili, ana mapengo mbele na anaongea kuliko kasuku. Aliniamkia shikamoo akakimbilia kupanda kwenye bampa la Mwalimu. Watu walikuwa bado wanakula pilau. Nikamvuta mama yake pembeni, karibu na tenki la maji, kwa kuwa nilijua nikiondoka na neno hili geti likafungwa nyuma yangu, sitalisema tena.

"Mwavita mwanangu," nikaanza, "ile siku ya mvua. Mashine ilipokataa kuwaka."

"Fyuzi uliing'oa wewe," akasema. "Najua, Mzee."

Nikamwuliza nani kamwambia.

"Si wewe? Ulisimama mlangoni ukamwambia Sista. Mimi nilijifunika kichwa, masikio sikuyaziba."

"Na dagaa za miaka yote hii?"

Alimtazama binti yake kule kwenye gari, anapiga honi ambayo hakuna aliyemruhusu kuipiga.

"Sista alikuuliza kama gari bovu," akasema. "Nilikuwa nasali pale chini ya kitenge, nikajua ukisema ndiyo, imekwisha, maana gari bovu linasubiri fundi. Ukasema ni wewe. Ndipo nikaacha kulia, Mzee, kwa sababu kama ni wewe uliyeing'oa, basi unaweza kuirudisha."

Kisha akaniambia niufungue mfuko niangalie kama dagaa hazikulowa kwenye boti.